Nilivyokuwa Kifungua Mimba wa Marehemu Nisiyemjua

Nimewahi kukaa kiti cha mbele kwenye msiba wa baba ambaye si baba yangu, nikapewa pole kama kifungua mimba wake, na mpaka leo kuna wazee wawili na mvi zao ambao wakiniona wanabadilisha njia.

Sikuwa tapeli. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa najifunza lugha.

Tulia nikupe mkasa wenyewe, maana ukisimuliwa na mtu mwingine utadhani nimesingiziwa.

Mimi ni fundi wa majokofu. Si yale ya nyumbani ya kuwekea maziwa, hapana. Natengeneza vyumba vya baridi, vile vya buchani na viwandani ambavyo mtu mzima anaingia na kufunga mlango. Kampuni yetu ilipata kazi kwenye mji wa mbali, nchi ya watu, na fundi aliyepangiwa kwenda akashikwa na mafua siku ya safari. Mafua ya yule jamaa huwa yanaijua ratiba ya kazi kuliko yeye mwenyewe.

Bosi akaniita. "Utaenda wewe."

"Bosi, lugha ya kule siijui hata salamu."

"Utajifunza hukohuko. Ila wateja wakilalamika kwamba nimewapelekea bubu, nakurudisha. Na ukirudi, nafasi yako itakuwa na mtu."

Dada yangu aliyenisindikiza stendi hakulia. Alisema tu, "Ukipata mchumba huko, hakikisha kwanza unaelewa kama anakusifu au anakutukana."

Ndiyo mapenzi ya dada yangu hayo.

Nilipofika nikapanga chumba juu ya kibanda cha fundi viatu. Yeye alijua kidogo lugha ya watalii, mimi nilijua kidogo, tukawa tunakutana katikati na kujazia kwa mikono. Nikamweleza shida yangu. Akacheka mpaka akaweka kiatu cha mteja chini.

"Ukisema huelewi umekwisha," akaniambia. "Watu wa hapa wana huruma. Watanyamaza wakuache upumzike. Wewe sema ndiyo. Ukisema ndiyo mtu anaendelea kuongea, na anayeongea ni mwalimu wa bure."

Akanipa maneno matatu ya kuanzia maisha: ndiyo, pole na tutaona. Nayaandika kwa lugha yetu hapa ili tusipotezane.

"Ndiyo ni ya kila kitu. Pole ni ya mtu mwenye sura ya shida. Tutaona ni pale ambapo ndiyo inaweza kukuponza."

Ushauri mzuri sana. Tatizo lake ni kwamba ili ujue ndiyo itakuponza wapi, lazima uwe umelielewa swali.

Bosi naye alinitumia sentensi moja iliyotafsiriwa, ya kuwaambia wateja kila nikimaliza kazi. Nikaikariri kama mtoto wa chekechea: "Msiguse kitu. Nitakuja kila mwezi kukagua. Mkigusa, kitakachotokea mimi sihusiki."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yangu yote.

Siku za mapumziko nikawa natoka peke yangu asubuhi. Natembea mpaka nipotee, halafu naanza kusema ndiyo. Ulikuwa mji wa vilima, ngazi kila uchochoro, nguo zimeanikwa madirishani, na watu wanaopenda kuuliza maswali.

Kinyozi mmoja aliniuliza kitu, nikasema ndiyo, akaninyoa nyusi.

Mama mmoja aliniuliza kitu nje ya benki, nikasema ndiyo, akanikabidhi mtoto mchanga na kuingia ndani. Yule mtoto alinitazama usoni, akatafuta nyusi, akakosa, akalia.

Jamaa mwingine aliniuliza kwa upole kabisa. Nikasema ndiyo. Nikajikuta nimeshika upande mmoja wa kabati la nguo, tunapanda nalo ghorofa ya nne. Tulipofika juu akanikumbatia kama tuliokua nyumba moja.

Nacheka sasa. Wakati ule nilikuwa narudi chumbani nimechoka, nakaa kitandani na viatu, nawaza nafasi yangu kazini. Upweke wa kukosa mtu wa kuongea naye uliniuma kweli, usidhani ni utani. Nikawa naongea peke yangu kwa lugha yetu, barabarani, kwa sauti, ili mdomo usisahau kazi yake.

Lakini masikio yakaanza kufunguka. Nikaokota neno hapa, neno pale. Mlango. Baridi. Mama. Nyumba. Kesho. Kuelewa nilielewa kidogo. Kujibu ndiko kulikuwa mtihani.

Ndipo ikaja simu ya hospitali. Chumba cha baridi cha maiti kimegoma.

Nikaenda. Mimi na maiti hatujawahi kuwa marafiki, lakini kazi ni kazi. Nikavaa koti langu zito jeusi la kufanyia kazi kwenye baridi, nikalifunga mpaka shingoni, nikaingia. Nililehemu bomba la gesi lililotoboka, nikiwa nimejibana kati ya ukuta na watu ambao hawakuwa na haraka. Moshi wa kulehemu ukanijaa machoni. Nilipomaliza, macho yalikuwa mekundu, machozi yanatiririka, kamasi zinafuatia, na mwili mzima unatetemeka.

Nikaacha vifaa ndani, nikafungua mlango wa pembeni nikapate jua.

Nikasema kwa sauti, kwa lugha yetu, "Mungu wangu, humu sirudi tena mpaka nibebwe."

Nikainua macho. Mbele yangu kulikuwa na ukoo mzima umevaa nguo nyeusi, unasubiri mwili wa mtu wao.

Wote wakanigeukia.

Maneno yao nakupa kama nilivyokuja kutafsiriwa baadaye. Siku ile mimi niliambulia neno moja katika kumi.

Mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani, dada wa marehemu, akasogea mbele. "Huyu ni nani anatoka kwa kaka yangu analia hivi?"

Akanishika mabega. "Wewe ni wa marehemu?"

"Ndiyo."

"Mtoto wake?"

"Ndiyo."

Uso wake ukabadilika, ukawa wa shida kabisa. Nikakumbuka mafunzo ya fundi viatu.

"Pole," nikamwambia.

Akaanguka mikononi mwa watu.

Ndugu msomaji, binadamu akishaamua kwamba umefanana na mtu, hata pua yako itamtii. Mmoja akasema paji la uso ni lilelile. Mwingine akasema tazama anavyosimama, ni marehemu mtupu. Bibi mmoja akanipapasa uso pale nyusi zilipokuwa na kutangaza kwamba hata babu yao alikuwa na nyusi hafifu. Mimi nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, kwa sababu kila mtu alikuwa anauliza.

Nikapakiwa gari la mbele.

Nilidhani wananipeleka kwenye jokofu jingine. Nakuapia. Mpaka tunafika nyumbani kwao nilikuwa nawaza kama nimebeba kipimo cha gesi.

Nyumba ilikuwa nzuri, ya ghorofa moja, na ngazi ya nje iliyopakwa rangi ya kijani. Viti vimepangwa uani. Juu ya meza kuna picha ya mzee mwenye tabasamu. Nikakalishwa kiti cha mbele kabisa, na watu wakapanga mstari kunishika mkono, mmoja mmoja.

"Pole." "Pole." "Pole."

Hilo neno nilikuwa nalijua. Nikaitazama picha. Nikajitazama na koti langu jeusi. Nikawatazama watu.

Nikaelewa: wananipa pole kama mtoto wa marehemu.

Nikasimama niondoke. Watu wote wakasimama, kwa heshima. Nikakaa. Wakakaa. Nikajaribu tena kuinuka taratibu, nusu kiti. Mstari mzima wa nyuma nao ukainuka nusu kiti. Nikaishiwa mbinu.

Hapo ndipo mjane akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfupi, amekaa kando yangu na macho makavu. Alikuwa ananitazama tangu hospitali bila kusema kitu.

"Kaa, mwanangu," akasema polepole, kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa.

Sauti ilikuwa ya mjane. Mkono ulikuwa wa askari.

Nikakaa.

Sasa nikutambulishe ndugu wawili wa marehemu. Mkubwa wao, kaka wa marehemu, alikuwa mzee wa suti, anayelia kwa sauti kila gari jipya likiingia na kunyamaza likizima injini. Huyo nilielekezwa nimsalimie kama baba mkubwa, basi tumwite Baba Mkubwa. Mdogo wao nilimbatiza mwenyewe. Nilimwona nyuma ya pazia, watu wanalia, yeye anapima upana wa dirisha kwa tepu. Nikamwita Bwana Tepu.

Alikuwepo na mwombolezaji mwingine mwenye kitambi, ambaye hakuna aliyemjua isipokuwa Bwana Tepu. Alifungua bomba la uani kutazama kasi ya maji. Alikanyagakanyaga ngazi kujua kama ni imara. Alitikisa kichwa kwa huzuni alipoona ufa kwenye ukuta. Majonzi ya yule bwana yalikuwa yote kwenye nyumba.

Hawa ndugu hawakufurahi kuniona. Wakanivuta pembeni, karibu na tangi la maji.

"Kijana," akasema Baba Mkubwa, "hii nyumba ni ya ukoo. Umeelewa?"

"Ndiyo."

Akapumua. "Kwa hiyo huna neno, mama akitoka?"

Swali lilikuwa refu kidogo. Nikaogopa ndiyo ingeniponza.

"Tutaona."

Wakatazamana.

"Tutaona maana yake nini?" Bwana Tepu akauliza. Uso wake ulikuwa na shida. Nikamshika bega kwa upendo.

"Pole," nikasema.

Waliondoka pale kinyumenyume.

Tukazika. Nikapewa koleo mimi wa kwanza, nikatupia udongo, na kwa kweli nilimwombea yule mzee kwa moyo wangu wote. Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina kinyongo naye wala hesabu naye pale kaburini. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Nilijisemea, tukitoka hapa nakula kona, namwachia Mungu mengine.

Lakini wale ndugu hawakungoja hata vumbi la makaburini litoke viatuni. Tuliporudi wakaita kikao sebuleni palepale. Mjane akanikalisha ubavuni kwake, mkono wangu ukarudi kifungoni.

Baba Mkubwa akasafisha koo. Akaongea kwa muda mrefu, anauma na kupuliza. Shemeji yetu tunampenda. Shemeji yetu amemtunza ndugu yetu. Lakini shemeji yetu hakujaliwa kuzaa, kila mtu anajua, na nyumba ya mtu asiye na watoto na mke wake hurudi kwa ndugu zake.

Mimi katika maneno yote hayo niliokota matatu tu. Nyumba. Mama. Kesho.

Hata mtoto angeyaunganisha. Walikuwa wanamtoa kesho.

Na mkono ule wa askari, uliokuwa umenibana, ukaniachia. Nikamtazama yule mama. Alikuwa ametazama sakafu ya nyumba yake, vigae vilivyosuguliwa mpaka vinang'aa, na nikajua ni yeye aliyevisugua. Sikuwa mtoto wake. Lakini nina mama, na hasira ikanipanda bila kuuliza ninahusika wapi.

Nikasimama.

Ukumbi wote ukasimama, halafu ukakumbuka na kukaa.

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kuwaambia kwamba udongo haujakauka na ninyi mmeshaleta mnunuzi. Kichwani yalikuwepo, tena kwa mpangilio mzuri. Ila mdomoni, kwa lugha ya wale watu, nilikuwa na sentensi moja tu iliyokamilika.

Nikamtazama Baba Mkubwa. Nikamtazama Bwana Tepu. Nikaitoa kama ilivyo.

"Msiguse kitu. Nitakuja kila mwezi kukagua. Mkigusa, kitakachotokea mimi sihusiki."



Yule bwana wa kitambi akaweka kikombe chini taratibu, akatafuta kofia yake, na hatukumwona tena. Bwana Tepu akaanza kutoa kitu mfukoni akakirudisha.

"Sasa huyu anatutishia," akasema Baba Mkubwa, na sauti yake haikuwa tena ya mzee wa suti. "Na kwani tuna uhakika gani huyu ni mtoto wa mdogo wangu? Ametokea wapi?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na jibu lake lilikuwa hospitali, kwenye mfuko wa spana.

Lakini shangazi, yule wa kitambaa, akainuka kabla yangu.

"Kaka, usinichekeshe msibani," akasema. "Si wewe uliyesema miaka yote kwamba ndugu yetu hana kasoro, kasoro iko kwa mke? Ulisema harusini kwa mwanangu, mbele ya wakwe. Si wewe uliyekuwa unamwambia kila sikukuu aende akatafute mtoto nje, eti dume kama lile lisipotee bure?"

Baba Mkubwa akafungua mdomo.

"Basi alikusikiliza, akatafuta," akasema shangazi. "Huyo hapo. Au unataka kutuambia leo kwamba ulikuwa unasema uongo?"

Baba Mkubwa akafunga mdomo. Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama dirisha, lile alilolipima.

Kikao kikaishia hapo.

Watu walipotawanyika, mjane akanipeleka jikoni na kufunga mlango. Akanimiminia chai. Mimi nikajikausha, nikisubiri swali niseme ndiyo.

Akaniambia, kwa lugha hii hii ninayokuandikia wewe hapa, safi kabisa, bila kigugumizi, "Kunywa mwanangu. Umesema vizuri. Ile ni sentensi ya nini, ya mafriji?"

Chai ilinipalia.

Alinisubiri nikohoe nimalize. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza siku ile. Akaniambia alikuja mji huu kwa kazi ya ushonaji akiwa binti, peke yake kama mimi, hajui hata kuomba maji. Lugha aliiokotea njiani. Akaolewa, akabaki. Alikuwa hajasikia mtu akisema lugha ya kwao tangu mama yake afe.

"Halafu leo naenda kumchukua mume wangu," akasema, "mlango unafunguka, anatoka mtu anamwita Mungu kwa lugha ya mama yangu. Nikajua hapohapo huyu si wa mume wangu. Huyu ni wa kwetu."

"Sasa mama, mbona hukuwaambia?"

Akazungusha kijiko kwenye kikombe ambacho hakikuwa na sukari.

"Tulipimwa, mimi na mume wangu, tukiwa bado vijana. Mimi nilikuwa mzima. Yeye ndiye aliyekuwa hawezi kuzaa. Alilia kama mtoto, akaniomba nisimwambie mtu yeyote, zaidi kaka yake. Nikamfichia. Nilimpenda, ningefanyaje. Jina la mgumba nikalibeba mimi. Nimeitwa hivyo jikoni kwangu, mezani kwangu, na watu wanaokula chakula nilichopika mwenyewe."

Nikaweka kikombe changu mezani.

"Leo walipokuona nikangoja nione watafanya nini," akaendelea. "Maana ili wakukane wewe, lazima wakubali kwamba ndugu yao pengine alikuwa na kasoro. Na lile neno lao wamelisema sana, mbele ya watu wengi mno. Hawana tena pa kulirudisha."

Akanywa chai yake.

"Lile jina limenitesa ujana wangu wote, mwanangu. Leo ndilo limesimama mlangoni kunilindia nyumba."

Nikalia. Safari hii hakukuwa na moshi.

Vifaa vyangu nilivifuata hospitali kesho yake. Bosi hakunirudisha nyumbani, maana yule mama alinifundisha lugha mezani kwake, kwa subira, na akaniondolea ule ugonjwa wa kusema ndiyo kwa kila kinyozi. Kila mwezi naenda kumwona, maana niliahidi mbele ya ukoo. Nikiwakuta wale wazee wawili wananipisha kiti. Siku hizi naelewa kila wanachonong'ona, na sijawaambia.

Najua wapo watakaosema kwenye maoni kwamba nilifanya kosa, nyumba za watu zina wenyewe. Sawa. Mwenyewe yupo, anasugua vigae vyake.

Ila na wewe unayemsema mke wa ndugu yako kila mkikutana, kwamba tatizo ni yeye, kwamba ukoo wenu hauna dosari: angalia unavyolikuza hilo neno. Ukilisema miaka mingi watu wataliamini. Na watu wakishaliamini, siku ukitaka kulikana kwa faida yako, hakuna hata mmoja atakayekusikiliza.